Kila kipimo safi, na tumbo bado linamuuma

BARUA

Assalamu alaykum mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Wete. Naomba jina langu lisitajwe, maana huku kwetu jambo la mtu hufika Chake Chake kabla ya mwenyewe.

Shida yangu ni mwanangu wa kwanza, msichana wa miaka 17, yupo Kidato cha Nne na mtihani wa Taifa ni Novemba hii. Tangu mfunguo mosi tumbo halimpi raha. Linamkamata hapa kitovuni, anajikunja, jasho linamtoka, anasikia kichefuchefu. Nimempeleka hospitali wakapima malaria, mkojo, choo, wakampiga na picha ya tumbo. Kote safi. Wakatupa dawa za vidonda vya tumbo, dozi ikesha, hali ni ile ile. Mwalimu wake wa chuo cha Kurani alimuandikia kombe, aya zilizoandikwa zikaoshwa kwa maji, akanywa, akapata nafuu kidogo, kisha likarudi.

Majirani wengine wanasema kachezewa, wengine wanasema ni uvivu wa skuli, mbona akibaki nyumbani linapoa? Na mimi hunipanda hasira, kwa sababu nikirudi saa nne namkuta mzima anafua. Linalonichanganya ni kuwa mara nyengine linamuanza Ijumaa jioni, na Jumamosi hakuna skuli.

Mimi na baba yao tuliachana mwaka jana. Yeye yuko Unguja na mke mwengine, matumizi analeta anapotaka. Hatusemezani. Kila Ijumaa baada ya sala hupiga simu kuzungumza na watoto, na huyu mkubwa ndiye anayenisaidia kwa kuwa ana akili: namwambia amuulize baba yake pesa za tuisheni ziko wapi, na baba yake naye humjibu yeye yeye, “mwambie mama yako hivi na hivi”. Bibi yake mzaa baba yuko Gando, ndiye aliyemlea mpaka akaanza darasa la kwanza. Anamuita akapumzike kule na mimi nakataa. Watu wale wameshaniumiza.

Biashara yangu ni maandazi na sambusa. Mwanangu huamka kabla ya alfajiri tukapika pamoja, akawatayarisha wadogo zake, akaenda skuli, alasiri chuo, na usiku anasoma mpaka saa sita. Kila siku namwambia ajikaze, yeye ndiye tegemeo letu, akifeli tumefeli sote. Nimemwambia pia atengeneze sala zake, huenda haya ni adhabu. Mwalimu wake wa bayolojia kamwambia kuna utafiti kuwa mtu akiandika khofu zake kwenye karatasi kabla ya mtihani, zinaondoka. Ni kweli? Na je, nimzuie asifanye mtihani mwaka huu? Nifanye nini apate moyo mgumu?

Mama wa wanne, Wete

JIBU

Wa alaykumu ssalaam dada yangu,

La mwanzo: mwanao anaumwa kweli. Hajifanyi, na hospitali nayo haikukosea. Mtu anapokuwa na khofu, mwili wake humwaga adrenalini na kotisoli, homoni za kukabili hatari. Damu hupunguzwa tumboni ikapelekwa kwenye misuli, utumbo hukaza au huenda mbio, na mishipa ya fahamu iliyojaa tumboni hupeleka habari ya maumivu kwenye ubongo. Hapo hapana kidonda wala mdudu wa kuonekana kwenye picha, lakini maumivu yapo kama yalivyo maumivu mengine yoyote. Mwaka 1958 daktari wa watoto John Apley na mwenzake walitoa matokeo ya kuwachunguza watoto wa skuli 1,000 huko Uingereza. Karibu mmoja katika kila kumi alikuwa na tumbo la namna hii, linalokuja na kuondoka kwa miezi, na wasichana walikuwa wengi zaidi. Alipowachunguza hospitali watoto wenye tatizo hilo, Apley aliwakuta wachache sana wenye ugonjwa wa mwilini. Kwa hiyo hili si jambo geni lililoangukia nyumba yako peke yake.

Kwamba linapoa saa nne, hilo ndilo linalotarajiwa. Wakati wa kengele umepita, mwili umeona hatari imeondoka, umelegea. Na mvivu gani, dada yangu, anayeamka kabla ya adhana kukanda unga, kisha akiachwa nyumbani anafua? Naomba neno hilo lisitajwe tena mbele yake, na jirani atakayelitaja umnyamazishe wewe mwenyewe ili mtoto asikie.

Sasa nije kwenye Ijumaa, kwa sababu naamini jibu lako limelala hapo. Umeandika kuwa tumbo humuanza Ijumaa jioni. Mistari michache mbele ukaandika kuwa baba yake hupiga simu Ijumaa baada ya sala. Umeyaandika yote mawili kwa mkono wako bila ya kuyaunganisha, na sikulaumu, kwani ukiwa ndani ya jambo ni tabu kuliona lote.

Fikiria kazi uliyompa. Anakaa na simu mkononi, wadogo zake wanasikiliza, wewe uko jikoni unangoja jibu. Akiyafikisha maneno yako kama yalivyo, baba yake atakasirika, na ndiye baba anayemsubiri wiki nzima. Akiyalainisha, anaona amekusaliti wewe. Jibu la baba likija na ukali, lazima aamue alifikishe au alimeze. Huyu ni mtoto wa miaka 17, na kila wiki anakaa kuwa hakimu baina ya watu wawili anaowapenda.

Mwaka 1991 watafiti Buchanan, Maccoby na Dornbusch walichapisha utafiti juu ya vijana wa Marekani wa miaka 10 hadi 18 ambao wazazi wao wameachana. Waliwauliza, miongoni mwa mengine, kama mzazi huwatuma wapeleke maneno kwa mwenziwe. Vijana waliojiona wamebanwa katikati ya baba na mama ndio waliokuwa na huzuni na wasiwasi zaidi. Na waliobanwa zaidi walikuwa wale ambao wazazi wao wanagombana na hawashirikiani. Nakwambia haya kwa sababu wengi huku kwetu wanadhani talaka yenyewe ndiyo inayowaharibu watoto. Mavis Hetherington, aliyezifuatilia familia za Marekani kwa muda wa karibu miaka 30, aliwakuta watoto wapatao 25 katika kila 100 wa wazazi walioachana wana matatizo mazito, na wapatao 10 katika 100 kwa wazazi wanaoishi pamoja. Tofauti ipo na ni kubwa. Lakini 75 waliobaki walisimama. Mwanao anaweza kuwa mmoja wao, na sehemu kubwa ya hilo iko mikononi mwenu wakubwa.

Basi Ijumaa hii mtoe kazini. Mkalishe mapema, kabla ya simu, mwambie hivi: “Mwanangu, mambo ya pesa na baba yako ni yangu mimi na yeye. Nimekosea kukutwika. Kuanzia leo zungumza naye mambo yako, na akikupa maneno ya ugomvi uniletee mimi, mwambie ampigie mama.” Usiongeze neno jengine. Usimuulize baada ya simu baba kasema nini. Hata kumtazama usoni kwa kumpeleleza, usimtazame.

Matumizi yana njia yake. Muandikie baba yao ujumbe wa simu wewe mwenyewe, mfupi, wenye kiasi na tarehe, bila ya matusi. Kama huwezi kuzungumza naye, mtume mtu mzima: kaka yako, au ami wa watoto mwenye busara. Akikataa, nenda kwa sheha, na ikishindikana uende Mahkama ya Kadhi. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011, na kumhudumia mtoto ni wajibu wa mzazi, awe anaishi naye au haishi naye. Kulidai hilo hakukuvunjii heshima. Kinachomuumiza mwanao ni kulidai kupitia kwake.

Umeniuliza utampaje moyo mgumu. Mimi nitakuuliza kwanza ana nini cha kusimamia. Wanasaikolojia wawili, Richard Lazarus na Susan Folkman, waliandika mwaka 1984 kuwa msongo hauletwi na jambo peke yake. Mtu hupiga hesabu mbili, hata kama hajui kuwa anazipiga: jambo hili linanitishia nini, na mimi nina nini cha kulikabili. Mtihani ule ule kwa mwenzake wa dawati ni mtihani tu. Kwa mwanao, kwa maneno yako mwenyewe, ni chakula cha watu watano. Umeongeza kitisho kwa nia njema kabisa, ya kumtia hamu. Na upande wa pili wa hesabu umepungua: baba ameondoka, usingizi hautoshi, na bibi amekatazwa.

Hapo kwa bibi nitakaa kidogo, na najua utaniudhikia. Kuna kisiwa kiitwacho Kauai, huko Hawaii, kisiwa cha mashamba ya miwa na mananasi na watu wa hali ya kawaida. Mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto wote waliozaliwa hapo mwaka 1955, karibu 700, tangu tumboni mwa mama zao mpaka utu uzima. Baadhi walikulia kwenye shida zilizorundikana: umasikini, ugomvi wa wazazi, ulevi, maradhi ya akili ndani ya nyumba. Hata hivyo mmoja katika kila watatu wa hao alikua mtu mzima mwenye uwezo, mwenye huruma na wa kutegemewa. Werner alipotafuta kilichowasaidia, jambo lililojirudia ni kuwa kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyempenda bila ya masharti. Mara nyingi mtu huyo hakuwa mzazi. Alikuwa bibi, babu, shangazi, au mwalimu.

Mwanao anaye mtu huyo, yuko Gando, na anamuita. Maumivu uliyoyapata kwa watu wale ni haki yako, na sikuambii uwasamehe leo. Nakuomba umpe mwanao Jumamosi mbili kwa mwezi, alale kwa bibi yake, ale samaki wake, asiulizwe kitu. Mpelekee bibi ujumbe mmoja tu kabla: huko asizungumziwe mama wala baba. Mwanamke aliyemlea mtoto huyu tangu mdogo ataelewa. Na mwanao akirudi, usimchunguze.

Punguza na mzigo wa nyumbani. Kijana wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na kwa ratiba uliyoniandikia hapati hata 5. Najua biashara ndiyo inayowalisha, kwa hiyo sikwambii umuondoe kabisa. Kusaidia kazi kwa kiasi humjenga mtoto, naye anajiona ana thamani. Lakini mpaka mtihani upite, mdogo wake wa pili ajifunze kuwatayarisha wenzake, unga ukandwe usiku kabla ya isha, na mkubwa aamke kwa ajili ya sala.

Na huo usomaji wa mpaka saa sita usiku haumlipi. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke waliwagawa wanafunzi: wengine walisoma kifungu tena na tena, wengine walikisoma kisha wakajijaribu kukikumbuka bila ya kukitazama. Baada ya dakika 5 waliosoma tena na tena walikumbuka zaidi. Baada ya wiki, waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi, kwa tofauti kubwa. Basi na asome saa moja na nusu baada ya isha, afunge daftari, aandike anachokikumbuka, alifungue kuona alichokiacha, alale. Kama skuli yao ina kambi ya wanafunzi wa Kidato cha Nne, muulize yeye anataka au hataki. Wengine kambini hupata utulivu, wengine huzidi kubanwa. Jibu lake ndilo liwe jibu.

Kuhusu alilosema mwalimu wa bayolojia: utafiti huo upo. Ramirez na Beilock waliuchapisha mwaka 2011, wakasema wanafunzi wenye wasiwasi walioandika khofu zao kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi. Lakini mwaka 2018 kundi kubwa la watafiti lilirudia jaribio mojawapo la maabara katika kazi hiyo na athari ile haikuonekana. Mwalimu amesema kwa mapenzi, na kuandika hakumdhuru mtoto, akipenda aandike. Usilitegemee tu kama dawa.

Sasa la sala. Ibada inaweza kuwa nguzo kubwa ya mtu aliyezidiwa, na hili limechunguzwa. Mwanasaikolojia Kenneth Pargament alionyesha kuwa watu hutumia dini kwa namna mbili wakati wa dhiki. Wako wanaomuona Mwenyezi Mungu yuko pamoja nao, wakamuomba na kumtegemea, na hao kwa kawaida huwa na nafuu. Wako wanaoiona dhiki kuwa ni adhabu na kwamba wameachwa, na hao hali zao huwa mbaya zaidi. Maneno uliyomwambia yanamsukuma kwenye kundi la pili. Yafute. Mwambie kuwa Mola anamuona anavyohangaika na wadogo zake. Kombe la mwalimu wake sina neno nalo, huenda ile nafuu ilitokana na kukaa na mtu mzima aliyemsikiliza na kumuombea. Lakini asipelekwe popote ambako ataambiwa ana shetani wa kutolewa kwa kelele au kwa fimbo.

Rudi hospitali haraka kama tumbo litamuamsha usingizini, akikonda, akipata homa, akitapika mara kwa mara, au ukiona damu kwenye choo. Na akisema amechoka kuishi, au akianza kujitenga na kugawa vitu vyake, usingoje asubuhi wala usimkemee, kaa naye na mpeleke hospitali. Hata bila ya hayo, ningependa apate mtu wa kuzungumza naye. Anza na mwalimu wa ushauri nasaha wa skuli yao, au uliza hospitali kama kuna muuguzi wa afya ya akili. Watu wetu wakisikia afya ya akili wanafikiria hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu tu, na kwa khofu hiyo watoto wengi wanaachwa wakiumia kimya. Kuzungumza na muuguzi hakumfanyi mtu kuwa mwendawazimu. Iko pia Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, haina malipo, na wewe mama unaweza kupiga vilevile.

Mwisho, mtihani. Usimzuie. Kumkalisha nyumbani kutamtuliza kwa wiki mbili, kisha khofu itakua, kwa sababu mwili utakuwa umejifunza kuwa dawa ni kukimbia. Kwa sababu hiyo hiyo, asubuhi tumbo likimuanza, asibaki nyumbani siku nzima. Mpe chai nyepesi, avute pumzi taratibu na kuitoa kwa kirefu mara kadhaa, na aende hata kama atachelewa. Nenda skuli wewe mwenyewe, zungumza na mwalimu wa darasa, mkubaliane kuwa akizidiwa ana ruhusa ya kutoka akakaa robo saa kisha akarudi darasani, bila ya kuulizwa mbele ya wenzake.

Na kabla ya Novemba, mwambie waziwazi kuwa asipopata alama anazozitaka anaweza kuurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kwamba umeshalifikiria hilo na humo nyumbani hakitaharibika kitu. Mwambie mkiwa wawili tu, siku isiyo ya Ijumaa, na mpe nafasi ya kukujibu. Atakachokwambia, hata kama ni kulia tu, kipokee. Kisha niandikie tena baada ya mwezi unipe habari zake, na baba yao akiwa tayari kuandika, barua yake nitaijibu kwa uzito huu huu.